Fahamu: Mkaa wa Same na maji ya ndiva

Mnunuzi wa mkaa mjini Same hakosei hesabu: kopo moja linatosha chakula cha leo, ilhali kujaza mtungi wa gesi kunadai fedha nyingi kwa mkupuo. Lakini miti ikipungua katika Milima ya Upare, hasara ni ya wote. Msitu wa Shengena ulioko huko hunasa ukungu na kulisha vijito vinavyojaza ndiva, yale mabwawa ya jadi ya kumwagilia mashamba. Ndiva hutunzwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Asiyefika hutozwa faini. Lakini jikoni, kila mmoja huamua peke yake. Mkakati wa Taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mahubiri hayatatosha: gesi nayo iuzwe kidogo kidogo, kama mkaa.