Maji Yalipokupwa Yasijae Tena

Paukwa! Itikieni basi. Pakawa.

Kulikuwa na msichana wa Pemba, wa miaka kumi na miwili, aliyeshuka pwani asubuhi na bibi yake kuchokoa pweza. Maji yalikuwa yamekupwa, kama yanavyokupwa siku zote. Bibi akapata pweza wawili, akawatia kwenye ndoo, akatazama jua, akasema, "Haya mjukuu wangu, tupande juu, maji yanakuja." Wakapanda, wakakaa kivulini, wakangoja. Maji hayakuja. Ikaadhiniwa adhuhuri, ikaadhiniwa alasiri, mashua zimelala ubavu mchangani, na bahari iko kulekule mbali kama uzi wa buluu. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo.

Hapo nanyamaza. Hadithi hii nataka muimalize nyinyi, tena kwa filamu ya dakika tano, na nawapa saa 48: kuanzia Ijumaa saa moja usiku mpaka Jumapili saa moja usiku. Simu mnazo, pwani mnayo, bibi mnaye.

Najua mtasema saa 48 hazitoshi. Zimewatosha wengi. Mwaka 2001, mjini Washington, Marekani, Mark Ruppert na Liz Langston walianzisha mashindano ya namna hiyohiyo, ambayo baadaye yakasambaa miji mingi duniani. Kundi linaokota kura ya aina ya filamu, kisha linapewa mhusika, kifaa, na sentensi moja ambayo sharti isikike ndani ya filamu. Masharti hayo yamewekwa ili asije mjanja na filamu aliyoipika mwezi uliopita akasema ni ya jana. London nako kulikuwa na mashindano ya saa 48 ya filamu za kubuni za kisayansi peke yake, na mwaka 2008 aliyeshinda ni Gareth Edwards, kwa filamu yake Factory Farmed. Miaka miwili baadaye alitoa filamu ndefu, Monsters, yenye madubwana aliyoyachora mwenyewe kwa kompyuta. Mwaka 2014 akakabidhiwa Godzilla, na 2016 Rogue One, ya ukoo wa Star Wars. Mlango wake ulikuwa wikendi moja.

Wengine watawaambia mambo ya anga na kesho ya mbali si yetu, sisi yetu ni karafuu. Waambieni wakaulize Tunguu, Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani waliweka pale kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani, na tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo alivyozungumza navyo kwa redio. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikaondolewa. Na hapa Pemba penyewe, karibu na Ras Kigomasha, tangu mwaka 2013 kuna chumba cha hoteli ambamo mgeni analala chini ya maji, samaki wanampitia dirishani. Umeme unaochaji simu zenu unapita chini ya bahari kutoka Tanga, kwa waya uliolazwa mwaka 2010. Babu yangu angeyasikia hayo angesema natunga.

Sasa turudi pwani.

Filamu ya kubuni ya kisayansi inaanza na swali: ingekuwaje kama? Mwenye haraka abadilishe kitu kimoja tu duniani, vingine aviache vilivyo. Sisi tumebadilisha maji. Bibi ni bibi yuleyule, ndoo ni ileile, adhana iko palepale. Mkianza kuongeza roboti na chombo kutoka sayari nyingine, Jumamosi itaishia kwenye kugundisha maboksi kwa gundi.

Lakini sayansi ni lazima iwemo. Maji hujaa na kupwa kwa sababu mwezi unayavuta, na jua nalo linayavuta, ingawa mvuto wa jua katika kazi hii haufiki nusu ya ule wa mwezi. Viwili hivyo vikivuta kwenye mstari mmoja, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Vikivuta kwa kupishana, tunapata maji mafu. Kwa hiyo mkisema kwenye filamu kwamba mwezi umetoweka ndipo maji yakasita, mwalimu wenu wa sayansi atanyoosha mkono: mbona jua bado lipo? Bila mwezi, maji yangeendelea kujaa na kupwa, kidogo tu, kwa kulifuata jua. Itabidi mtafute sababu nyingine. Labda maji yamekwenda kuwa barafu. Hilo liliwahi kutokea: katika zama za barafu, bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa imeungana na bara, mtu angeweza kwenda kwa miguu.

Pemba haikuungana. Mkondo ulio kati yetu na bara una kina kinachofika mita 800 hivi, na hata katika zama zile Pemba ilibaki kisiwa. Mnaona filamu inavyojiandika? Msichana wetu anaamua kutembea juu ya mchanga mpaka Tanga kutafuta msaada. Anatembea, anatembea, kisha anasimama ghafla. Mbele yake ardhi imekatika, na bahari iko chini kabisa, chini ya miguu yake, naye ni kama mtu aliyefika ukingo wa paa la ghorofa. Picha hiyo hamwezi kuipiga, na wala hamna haja. Pigeni miguu yake ikisimama, kisha uso wake ukitazama chini. Mtazamaji atajichimbia shimo mwenyewe kichwani.

Ijumaa usiku andikeni, msipige picha hata moja. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha kwa dakika moja ya filamu, kurasa tano basi. Wahusika wawili, wakizidi sana watatu. Saa nne usiku kalamu iwekwe chini, simu zote ziwekwe kwenye chaji, na mambo yaliyojaa ndani ya simu, video za harusi na vichekesho, yahamishiwe kwingine. Simu iliyojaa hukataa kupiga picha wakati jua liko pazuri kuliko siku nzima.

Jumamosi ndiyo yenye kazi, na hapa mtagombana na bahari yenyewe. Siku za bamvua hapa kwetu maji hutoka mbali sana majira ya saa nne, saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Wakati wa maji mafu hayatoki kitu, na filamu yenu haipo. Kwa hiyo tarehe inachaguliwa na mwezi kabla haijachaguliwa na mtu. Kisha kuna hesabu moja ndogo inayowaponza wengi: kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Picha uliyopiga Jumamosi saa nne kamili, ukitaka kuirudia Jumapili, nenda saa nne na dakika 50. Ukienda saa nne utakuta mashua iliyokuwa imelala ubavu bado inaelea, na mtazamaji ataona imejiinua yenyewe katikati ya maongezi.

Mtaniuliza: na ile jioni ambapo maji hayajarudi tutaipigaje, ikiwa alasiri bahari ya kweli imeshajaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko? Ipeni bahari mgongo. Nendeni pwani ya magharibi, jua linapokaribia kuzama, mwekeni bibi na majirani wawili watazame baharini, na kamera iwatazame wao. Nyuso zinapata mwanga wa dhahabu, macho yanatafuta kitu mbali, na hakuna anayejua kwamba nyuma ya mpiga picha mawimbi yanamlowesha visigino. Tena kimbilieni mwanga huo, maana huku kwetu karibu na mstari wa ikweta magharibi haikawii. Mchana wa jua la utosi msipige nyuso kabisa, macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Nendeni mkale.

Kitu cha kupiga picha kwa karibu ni ile ndoo. Asubuhi, pweza wawili ndani, maji yanatikisika. Adhuhuri, maji nusu. Siku ya pili, ndoo kavu na alama nyeupe ya chumvi pembeni. Picha tatu, sekunde nne kila moja, kamera imesimama mahali palepale bila kutikisika, iwekwe juu ya tofali kama hamna kiti chake. Hakuna aliyesema neno na kila mtu ameshaelewa kwamba siku zimepita na mambo yameharibika. (Pweza wapikeni baada ya picha ya kwanza. Msiwaache waoze kwa ajili ya sanaa.)

Sauti ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Mtu wa pwani amezaliwa na mngurumo wa mawimbi masikioni, hausikii tena, kama asivyosikia pumzi yake. Filamu yenu ianze na mngurumo huo, mwingi, sekunde ishirini nzima. Kisha, maji yanapokosa kurudi, uondoeni. Ubaki upepo, kuku mmoja, mtu anakohoa. Hilo tu. Watu wa pwani watakaokaa kutazama wataingiwa na hofu na hawatajua imetoka wapi. Ila sauti hiyo ya ukimya hamtaipata pwani, maana bahari haizimwi. Pandeni juu, mbali na pwani, ndani ya mashamba ya mikarafuu, mrekodi dakika mbili za upepo pale, mje muuweke juu ya picha za pwani. Kipaza sauti cha simu kifunikeni kwa kipande cha sponji, la sivyo kusi ikivuma mtarekodi ngurumo tupu.

Maneno ya mdomoni yapunguzeni. Mkenya Wanuri Kahiu, katika filamu yake fupi Pumzi ya mwaka 2009, aliwafanya watu wa kesho wasizungumze karibu kabisa, wanaandikiana kwa kompyuta. Ni filamu ya dakika ishirini na ushei, juu ya dunia iliyopigana vita vya maji, watu wanajifungia ndani na kusafisha jasho na mkojo wao wapate kunywa, na mwanamke mmoja, Asha, anayeletewa kiboksi cha udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu humo, anatoka nayo jangwani. Ilipigwa Afrika Kusini, ikaonyeshwa Sundance, Marekani, Januari 2010. Filamu za kisayansi za mamilioni ya dola nimezisahau nyingi. Yule mwanamke na kiboksi chake cha udongo sijamsahau.

Na mambo yakiharibika? Yataharibika. Mvua itanyesha, mwigizaji ataitwa nyumbani kuchambua karafuu. Hapo mkumbukeni Mfaransa Chris Marker, ambaye mwaka 1962, mwaka uleule Glenn alipopita juu yetu, alitoa filamu ya kisayansi ya dakika 28, La Jetée, iliyoundwa karibu yote kwa picha mnato, zile za kamera ya kawaida, na sauti ya msimulizi juu yake. Kuna mahali pamoja tu ambapo picha inajongea: mwanamke aliyelala anafumbua macho. Basi mkikosa video, pigeni picha mnato arubaini, mumkalishe bibi jikoni asimulie. Bibi wa Kipemba akisimulia kwa lahaja yake mwenyewe, filamu imeshapata kitu ambacho London hawana.

Jumapili hariri tangu asubuhi. Kata mwanzo wa kila picha, kata na mwisho wake, kisha kata tena. Filamu ya wanaojifunza karibu kila mara ni ndefu kuliko hadithi yake. Ifikapo saa kumi alasiri, filamu, hata kama haijakamilika, iwe imeshatolewa kwenye programu na kuhifadhiwa mahali pawili, kwa sababu umeme ukikatika saa kumi na mbili na nusu hakuna atakayeupigia simu. Baada ya hapo rekebisheni mnavyotaka mpaka saa moja.

Mkishapenda kazi hii, mtaanza kuiona Pemba kwa jicho jingine. Kiwanda cha makonyo ya karafuu pale Wawi, kwa mapipa na mvuke wake, ni chumba cha injini ya chombo cha angani ambacho hakuna aliyekijenga kwa ajili yenu. Majamvi ya karafuu zinazoanikwa kando ya barabara ni ardhi ya sayari nyingine. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha nao umesimama tangu mwaka 1900 ukingoja mtu auite roketi. Muulizeni sheha kwanza, na mwenye mahali, kabla ya kuingia na kamera. Na mkitaka watu wa nje ya kijiji waione kazi yenu, Tamasha la Filamu la Zanzibar lilianza kuonyesha filamu Unguja mwaka 1998, na filamu fupi zina nafasi yake.

Hadithi yangu imeishia ukingoni, msichana anatazama chini. Iliyobaki ni yenu. Muulizeni mvuvi wa karibu bamvua ijayo ni lini, kisha hesabuni nyuma mpaka Ijumaa.