Wazungu Wana Dubu na Samoni, Sisi Tuna Mamba wa Turkana

Kila mwaka kukikaribia baridi, wasee wa majuu hukaa kwa simu wakipigia kura dubu. Si jokes. Kule Alaska, samoni hupanda Mto Brooks kutaga mayai, dubu wanawasubiri kwa maporomoko wakiwa wameachama, wanakula mpaka wananona vibaya, halafu intaneti inachagua aliyenona zaidi.

Poa. Lakini kama uko Lodwar, show yako iko kilomita kama 60 tu, Kalokol. Ukitokea Kakuma, ongeza zingine 120 hivi.

Iko hivi. Karibu asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana hutoka Mto Omo, Ethiopia. Kati ya Juni na Septemba mvua ya milima ya huko hujaza mto, na samaki kadhaa wa ziwa huupanda kutaga mayai. Turkwel (ndio, huo huo unaopita Lodwar) na Kerio ikifurika, wengine hupandia huko.

Sasa cheki mamba. Hakimbizani na mtu. Anajikunja kando ya ufuo, mwili na mkia vinakuwa ukuta, samaki wanabanwa kwa maji ya kifundo cha mguu. Kichwa kinapiga kando mara moja, pap! Kutafuna hajui, so anainua mdomo juu na kummeza mzima. Dubu ana presha ya kunona kabla alale miezi ya baridi. Mamba anaota jua tu, na anaweza kaa miezi bila kula. Boss kabisa.

Wengi wako kisiwa cha Central Island, volkano yenye maziwa matatu ndani, moja likiitwa Crocodile. Watoto wao huanguliwa Aprili na Mei. Enda na boti ya watu wanaojua ziwa, maana upepo wa huko huzamisha. Na usisimame majini kupiga selfie, tafadhali. Umeshasoma vile anavua.

Ngori ni hii: bwawa la Gibe III lilianza kujazwa 2015, na tangu hapo mafuriko ya Omo hayaji vile yalikuwa yakija. Samaki hungoja hayo maji ndio wapande. UNESCO iliweka mbuga za ziwa hili kwa orodha ya hatari 2018. Halafu kutoka 2020 hivi ziwa likapanda, likameza nyumba na mikoma ya ufuoni, na mamba wakasogea na maji. Mvuvi wa Kalokol anayeingia majini na nyavu alfajiri sasa anavua palepale mamba anavua, na wote wawili wanamtaka samaki yule yule.