MASIKIO YAKIZIBA KWA NTA, TUSICHOKOE



Katika mikutano yetu, toka Diani hadi Msambweni, hakosi mtu wa kuambiwa neno mara tatu. Twasema mzee amekuwa kiziwi, ama mtoto ni mkaidi. Kumbe pengine masikio yote mawili yameziba kwa nta, na hilo hutibika kwa siku chache.

Nta ni nini?
Tunaiita uchafu wa masikio, lakini kazi yake ni kunasa vumbi na kulinda ngozi ya ndani. Kwa kawaida hutoka yenyewe. Tukitia njiti ya kibiriti, pamba ya kijiti au unyoya wa kuku, twaisukuma ndani. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na mwisho wake kuna kiwambo chembamba. Kikitoboka, ni shida nyingine.

Dalili
Sikio huhisi limejaa, linavuma, na mtu hasikii vizuri. Ukitoka kuogelea baharini hali yaweza kuzidi ghafla, kwa sababu nta ikilowa huvimba. Lakini magonjwa mengine pia huleta dalili hizi. Kwa hivyo lazima mhudumu wa afya atazame ndani ya kila sikio kwa kifaa chenye taa.

Matibabu
1. Kulainisha: matone ya dawa au mafuta ya zeituni, siku 3 hadi 5. Mwanzoni waweza kusikia vibaya zaidi, usiogope.
2. Kuosha: mhudumu hutumia maji ya joto la mwili, nyuzi 37. Maji baridi huleta kizunguzungu.
3. Kutoa kwa kifaa, kazi ya aliyefunzwa tu.

Sikio likitoa usaha au damu, likiuma sana, ama kiwambo kiliwahi kutoboka, usitie chochote. Nenda zahanati. Ikishindikana huko, hospitali ya rufaa ya kaunti yetu iko Msambweni.

Namba kwenye karatasi
Kila ugonjwa una namba yake, ili hospitali na bima zielewane. Katika orodha ya 10 ya Shirika la Afya Duniani, nta iliyoziba ni H61.2, liwe sikio moja au yote mawili. Wamarekani wameongeza tarakimu: H61.21 ni la kulia, H61.22 la kushoto, H61.23 yote mawili. Orodha ya 11, iliyoanza Januari 2022, ina namba zake tofauti. Basi omba iandikwe kwa maneno pia: "masikio yote mawili". Sikio moja likisafishwa leo, jingine lisisahauliwe. Karatasi itunze.

Kikundi kifanye nini?
Tuwatambue wasiosikia vizuri, tuwaketishe mbele, na tuwasindikize wakapimwe. Nta ikishatoka na bado hawasikii, waombe kipimo cha usikivu. Tusimwite mtoto mjinga kabla masikio yake hayajatazamwa.