Je, Wajua? Sanamaki si Chai ya Kila Siku
Majani makavu ya sanamaki, yanayouzwa na wauza dawa za asili jijini Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi mitaa kama Kiwalani, yana senosidi, yaani kemikali zinazochochea misuli ya utumbo mpana isukume choo ndani ya saa 6 hadi 12. Yakinywewa kila siku kwa miezi, mwili hupoteza maji na potasiamu, madini yanayoendesha misuli na moyo, kiasi cha viungo kulegea na mapigo ya moyo kuvurugika. Wanaoyanywa ili wapunguze unene hujidanganya, kwa kuwa chakula huwa kimekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba na kinachotoka zaidi ni maji. Anayeyahitaji zaidi ya wiki 1 amwone daktari.