Kuanza upya baada ya msiba: imani inasaidia nini?



Majuma machache yaliyopita nilikuwa Kibirizi asubuhi, saa ambayo dagaa waliovuliwa usiku huanikwa juani. Mama mmoja ambaye nimezoea kununua kwake alinigeuzia ndoo nikae. Habari zake nazijua. Mumewe alifariki mwaka 2020. Mwaka uliofuata maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda, yakaingia katika makazi ya watu wa ufukweni, na nyumba waliyoijenga wawili ikaondoka. Alianza upya na karai moja la dagaa alilokopeshwa. Leo ana chumba cha kupanga na watoto wanasoma.

Nilidhani nitamsifu kidogo kisha niende zangu. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, kanisani wananiambia nina imani kubwa. Lakini mpaka leo nikisikia mawimbi usiku, nalia. Sasa niambie wewe uliyesoma, imani yangu ina kasoro gani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo nataka kujaribu, kwani naamini swali lake ni la wengi wanaonisikiliza.

Nianze na meli. Hapa kwetu hakuna asiyeijua Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku kwa bahari na kwa reli, ikaungwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, Wajerumani walipoona hawana budi kuondoka, waliizamisha kwa makusudi. Lakini kabla ya kufanya hivyo mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Meli ikakaa chini ya maji miaka kadhaa. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri, kwa jina jipya la Liemba.

Angalieni kwamba grisi ile haikuizuia meli kuzama. Meli ilizama sawasawa, matope yakaifunika, samaki wakaogelea ndani yake. Kazi ya grisi ilikuwa moja tu: kuilinda injini isiliwe na kutu, ili siku ya kuinuliwa kuwe na kitu cha kuinuliwa.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya imani kwa mtu aliyefiwa, aliyefilisika au aliyekimbia kwake. Wengi wetu tumefundishwa kwamba mwenye imani hazami, na akizama tunamtafutia dhambi. Maandiko hayasemi hivyo. Ayubu alikuwa mtu mwema, na alipoteza mifugo, watoto na afya yake. Marafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, wakafanya vizuri sana. Walikosea walipofungua vinywa kumweleza kwa nini Mungu amempiga. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Basi jambo la kwanza ni hili: imani inampa mtu ruhusa ya kulia. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, ingawa alikuwa anakwenda kumfufua. Katika Biblia nzima zimo sala nyingi za watu wanaomuuliza Mungu amewatupa hadi lini. Mtu anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye, hajakata mawasiliano. Kwa hiyo ndugu wanaokwenda msibani wakisema, "Usilie, ni mapenzi ya Mungu," wangefanya vema kunyamaza, wakachota maji, wakapasua kuni.

Jambo la pili ni ukubwa wa hatua. Tunaposema kuanza upya, tunawaza jambo kubwa: nyumba nyingine, mtaji mwingine, ndoa nyingine. Tukiupima mlima huo tunavunjika moyo kabla ya kuondoka. Mkumbukeni Naomi. Alitoka Bethlehemu kwa njaa, akaenda ugenini Moabu pamoja na mume na wana wawili. Wote watatu akawazika huko. Aliporudi, wanawake wa mji wakimshangaa, aliwaambia wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, yaani uchungu. Huyo ni mtu mwenye imani anayesema hivyo. Na hatua yake ya kwanza haikuwa kubwa. Ulikuwa mwanzo wa mavuno ya shayiri, na mkwewe Ruthu akatoka kwenda kuokota masuke yaliyoachwa nyuma na wavunaji. Chakula cha jioni moja. Mengine yote yaliyofuata, mpaka mjukuu aliyekuja kuwa babu wa mfalme Daudi, yalianzia katika masuke yale.

Wavuvi wetu wataielewa zaidi habari ya Petro. Baada ya kifo cha Bwana wake, na baada ya kumkana mara tatu, Petro alirudi kwenye kazi aliyoijua, akaenda kuvua. Usiku kucha hawakupata kitu. Mvuvi wa Katonga au wa Ujiji anajua uchovu wa kurudi alfajiri na taa zimezimika na wavu mtupu. Asubuhi wakamkuta Yesu ufukweni amekwisha washa moto wa makaa, na juu yake samaki na mkate. Hakuanza kwa kumgombeza mtu. Aliwaita kwanza wale chakula, mazungumzo magumu na Petro yakaja baadaye. Huo ni utaratibu mzuri hata kwetu: aliyevunjika apewe uji kwanza.

Jambo la tatu ni watu. Injini ya meli haikujiinua yenyewe kutoka chini ya ziwa, na binadamu vivyo hivyo.

Hapa sina budi kuwakumbusha mtu ambaye vijana wengi hawamjui. Kusini mwa hapa, katika pwani hii hii ya ziwa, iko Karema, ambayo sasa ni mkoa wa Katavi. Wamisionari Wakatoliki tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la hapo mwaka 1885. Zilikuwa siku za misafara ya watumwa, na Ujiji yetu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Mwishoni mwa miaka ile ya 1880 alifika Karema kijana mmoja Mwafrika, Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi za Mto Niger, ambazo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha. Wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Mtoto huyu alipoteza mama, baba, lugha na kijiji, na hata safari ya kuja huku ilipangwa na wengine. Lakini alipofika Karema alijua kwa nini yuko pale. Alitibu watu na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki hapo hapo mwaka 1956. Alioa, akapata watoto, na mwanawe mmoja akawa padre. Mtu aliyeporwa ukoo wake mwambao huu ulimpa ukoo mwingine.

Sisemi kwamba yaliyompata yalikuwa mazuri. Kumwiba mtoto ni uovu, na matunda yaliyokuja baadaye hayautakasi. Ninachosema ni kwamba hakungoja jeraha lake lipone kabisa ndipo aguse majeraha ya wengine. Wengi waliofiwa watawaambieni hivyo hivyo: siku walipoanza kumsaidia mwingine ndiyo siku walipoona wameanza kusimama.

Jambo hilo tumeliona kwa macho yetu hapa Kigoma. Mwaka 1996 vita vilipowaka Kivu ya Kusini, watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka huo huo. Mwezi Mei 2015 ikawa zamu ya Warundi. Makumi ya maelfu walibanana Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Chombo kilichowatoa hapo na kuwaleta mjini, safari baada ya safari, kilikuwa Liemba ile ile iliyowahi kulala chini ya ziwa.

Aliyefika Nyarugusu siku ya Jumapili anajua kinachosikika: kwaya upande huu, kwaya upande ule. Watu walioacha kila kitu hawakuacha nyimbo zao. Kanisa ndipo mgeni anapoulizwa jina lake, na asipoonekana juma lijalo anatafutwa. Kwa mtu aliyepoteza ndugu wote, kutafutwa si jambo dogo.

Wala jambo hili si la Wakristo peke yetu. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, na nimeona mara nyingi matanga ya Mkristo yakilishwa na majirani waliotoka msikitini, na mazishi ya Mwislamu yakichimbiwa na wanakwaya. Imani ya kweli haimwulizi mfiwa kadi ya ushirika.

Nitoe tahadhari mbili kabla sijamaliza. Ya kwanza, jihadharini na wanaomwahidi mfiwa kwamba akitoa sadaka nono atarudishiwa alivyopoteza mara saba. Mjane mwenye karai moja la dagaa si wa kukamuliwa. Ya pili, sala isitumiwe kuficha wajibu. Mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu wa mume anahitaji maombi, lakini anahitaji pia mtu wa kumsindikiza mahakamani. Aliyeacha kula na kulala kwa miezi apelekwe hospitali. Atiman hakuwaombea wagonjwa wake akaishia hapo, aliwapa na dawa.

Sasa mama yangu wa Kibirizi, kama unanisikiliza, jibu langu ni hili. Imani yako haina kasoro. Meli iliyoinuliwa haiachi kuwa meli iliyozama. Ukilia usiku kwa ajili ya mtu uliyempenda, hilo ni deni la upendo unalolipa kidogo kidogo, na Mungu hana haraka nawe. Lakini alfajiri unaamka, unajitwisha karai na kushuka mwaloni. Hapo ndipo ninapoiona imani yako.

Siku ile nilipoinuka kuondoka, alinipimia dagaa wangu, kisha akaongeza konzi moja ya juu. Nikamwambia atapata hasara. Akacheka, akaniambia nimpelekee mke wa jirani yangu aliyefiwa wiki ile.