Virgili inaweza kula kilo zako

Wandugu wanamemba, kooperative nyingi za kahawa hapa Kivu sasa zinatoa majina na kilo kwenye daftari, zinaziingiza mu ordinatere, kisha zinatuma liste kwa mnunuzi. Mu safari hiyo iko alama ndogo inayoweza kula malipo ya mtu: mkato, ile tunaita virgili.

Hapa Kongo tunaandika kama Wabeljiji na Wafaransa: 12,5 ni kilo kumi na mbili na nusu. Uganda na Kenya wanaandika 12.5, na kwao virgili ni ya kutenga maelfu. Tuseme mama mmoja analeta kahawa nyekundu, balansi inaonyesha 12,500. Sekretere wetu anasoma kumi na mbili na nusu. Ordinatere ya Kampala, iliyopangwa kwa Kiingereza, inasoma elfu kumi na mbili na mia tano. Kosa la namna hiyo litaonekana, sababu hakuna mama anayebeba kilo elfu kumi na mbili mgongoni. Tunaogopa zaidi lile la kinyume: jumla ya msimu mzima imeandikwa 1.250, na kule inakuwa kilo moja na robo. Inajificha kati ya majina mengi, na prime ya mwanamemba inapotea kimya.

Tena kuna faili ambamo virgili ndiyo inatenga kolone. Humo 62,5 inakatwa vipande viwili: 62 inabaki kwa kilo, 5 inaingia mahali pa bei, na bei inasukumwa mbele.

Kwa hiyo, ndani ya faili musiweke alama yoyote ya maelfu. Andikeni 1250, basi. Hata mkutano wa dunia wa vipimo, mwaka 2003, ulikubali virgili au nukta kwa desimali tu, si kwa maelfu. Faili ya wengine musiifungue kwa kubonyeza mara mbili; pitieni njia ya kuingiza data, muonyeshe ni alama gani inatumika. Kisha muangalie kolone ya kilo: kwa kawaida namba za kweli zinaegemea kuume. Zile zinazoegemea kushoto, ordinatere imezichukua kama maneno, na haizihesabu mu jumla.

Mbele ya kutuma na kisha kutuma, mulinganishe jumla ya kilo na hesabu ya watu. Muchukue fishi tano za karatasi, musome moja moja na liste. Siku ya malipo kila mwanamemba aje na fishi yake, aulize kilo zake ni ngapi mu liste. Na depo isitupe fishi hata moja mpaka prime imelipwa.