Baridi na Samaki: Namna ya Kuhifadhi Vyakula Vinavyooza Upesi

Samaki aliyevuliwa alfajiri katika Ghuba ya Mwanza huanza kuharibika mara tu anapokufa. Akifikishwa jikoni Mkuyuni au Butimba saa sita mchana bila barafu, macho yake huwa yamekwisha kufifia na mashavu yamepoteza wekundu. Je, ni nini hasa kinachomharibu, na baridi huuzuiaje uharibifu huo?

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni vimeng'enya vya samaki mwenyewe. Alipokuwa hai vilimsaidia kusaga chakula; akishakufa huendelea na kazi hiyo na kuilainisha nyama yake, hasa tumboni. Adui wa pili ni bakteria, wakaao kwenye ngozi, mashavu na matumbo. Wa tatu ni oksijeni ya hewa, ambayo huungana na mafuta ya samaki na kuyapa harufu na ladha mbaya.

Miongoni mwao, bakteria ndio wenye haraka zaidi. Katika mazingira yanayowafaa, baadhi yao hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mwanafunzi na afanye hesabu: bakteria mmoja huwa wanane baada ya saa moja, na baada ya saa 7, yaani migawanyiko 21, huzidi milioni mbili. Bakteria wanaodhuru chakula hustawi hasa kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi, na joto la mchana la Mwanza, ambalo aghalabu hukaribia nyuzi 28, limo ndani ya mipaka hiyo.

Wazee wa Usukuma waliijua tangu zamani njia moja ya kuwazuia viumbe hawa, nayo ni kuwanyima maji. Dagaa walioanikwa na michembe ya viazi vitamu hudumu kwa sababu hiyo. Baridi hufuata njia nyingine: huwaachia bakteria maji, lakini hupunguza kasi ya uhai wao. Maji yenyewe yakiganda, huzuiwa kwa njia zote mbili.

Hesabu ya barafu

Kilo moja ya barafu inapoyeyuka katika nyuzi sifuri hufyonza kilojuli 334 za joto, na halijoto yake haipandi mpaka iishe kuyeyuka. Hilo ndilo joto fiche. Kumpoza samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 27 hadi sifuri huhitaji kuondoa takriban kilojuli 97. Kwa hesabu ya darasani, basi, gramu 300 za barafu zingetosha. Lakini mtumbwini joto la jua na la hewa huingia kashani muda wote. Ndiyo sababu hushauriwa uzito wa barafu ulingane na uzito wa samaki. Barafu ipondwe ili imguse samaki pande zote, na maji yake yapewe njia ya kutoka, kwani hubeba damu, ute na bakteria.

Usafi na baridi si mambo ya jikoni tu. Mwaka 1998, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 1999 likafuata zuio jingine, kwa hofu ya sumu zilizotumiwa kuvulia. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, pamoja na wavuvi waliovitegemea, vilipata hasara. Leo Nyegezi ipo Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Samaki. Jiko la nyumbani, hata hivyo, halina mkaguzi ila mpishi mwenyewe.

Jokofu na friza

Jokofu linapaswa kuwa na nyuzi 4 au chini yake. Humo bakteria hawafi, bali hucheleweshwa tu. Sato mbichi apikwe ndani ya siku moja au mbili. Atolewe matumbo na mashavu, aoshwe kwa maji safi, afunikwe, na awekwe chini kabisa, ili maji yake yasidondokee vyakula vilivyopikwa.

Kiporo nacho kina hatari yake. Wali ulioachwa mezani usiku kucha huweza kuota bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na sumu ya baadhi yao haiharibiki kwa kupashwa moto. Chakula kilichopikwa kigawanywe katika vyombo vipana visivyo na kina, kipoe upesi, kisha kiingizwe jokofuni kabla ya saa mbili kupita.

Friza inapaswa kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo bakteria hawazaliani, ingawa wengi huendelea kuwa hai. Samaki akigandishwa polepole, hufanyika fuwele kubwa za barafu ambazo hupasua seli za nyama. Akiyeyushwa, maji humtoka na nyama huwa teketeke. Kwa hiyo ni heri vipande vidogo vilivyotandazwa kuliko furushi kubwa. Samaki wenye mafuta mengi hudumu na ubora wao kwa miezi miwili au mitatu, na wasio na mafuta mengi miezi sita hadi minane, mradi wafungwe vizuri wasipate hewa. Kuyeyusha kufanyike ndani ya jokofu, wala si mezani.

Umeme unapokatika

Mlango usifunguliwe. Jokofu huhifadhi baridi ya kutosha kwa muda wa saa nne. Friza iliyojaa, saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Samaki aliye bado na chembe za barafu anaweza kugandishwa tena, ingawa ubora wake hupungua. Aliyepata joto kupita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili atupwe, hata kama hanuki, kwa kuwa bakteria wengi waletao maradhi hawatoi harufu yoyote.

Jaribio

Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, uiache katikati ya jokofu usiku kucha, na usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Rudia sehemu ya juu, ya chini na mlangoni, uchore jedwali. Tofauti zitakazoonekana zitaeleza ni wapi maziwa na samaki wastahili kukaa, na ni wapi wasikae kabisa.